Maji Yaliyokuja Siku ya Msiba

Kabula,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kuificha, maana wewe mwenyewe hukupenda mtu anayechekea nje na kulia ndani. Mchungaji anasema mmepumzika huko, hamsumbuki tena na ya dunia. Sawa. Mimi bado niko duniani, na ya huku yananisumbua, na sina wa kumwambia. Mume wangu, Baba Upendo, ameshachoka kunisikiliza. Akiona nimeanza tu kutazama upande wa mtoni, anaondoka kwenda kuangalia nguruwe.

Mvua zimechelewa tena. Mawingu yanapita juu yetu yanakwenda kumwagika milimani kwa wenye viazi, huku Usangu tunabaki na upepo na vumbi la kuingia mpaka kwenye unga. Juzi nilikuwa namenya viazi nikakuta nimeyakinga maji ya kuoshea kwenye beseni, nikayapeleka kwenye migomba bila hata kufikiri. Nikasimama pale na beseni tupu. Nikasema, Kabula huyo, yumo mikononi mwangu.

Unakumbuka tulivyoanza vibaya? Mlikuja kutoka Shinyanga na mkokoteni na kundi lenu la ng'ombe, na watu wa hapa wakasimama milangoni wakisema hawa ndio watakaoumaliza mto. Halafu ikaja amri ya kutoa mifugo bondeni, mkauza wengi, mkabaki na wachache, na mume wako Baba Masanja akapata majaruba ya mpunga jirani na yetu, mkiani kabisa mwa mfereji, ardhi ambayo mwenyeji yeyote aliikwepa. Siku ya kwanza nilipokuja kwako kukusalimia ulininawisha kwa kibuyu chirizi. Kile kidundu kilichotobolewa tundu, maji yanatoka kama machozi ya mtoto anayedeka. Nilijisikia vibaya. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, yule Msukuma ni bahili, hata maji ya kunawa anakupimia.

Na ulinicheka uliposikia nimezaliwa kule juu, kichwani mwa mfereji, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, kisha nikakubali kuolewa huku mwisho. "Dada, ulipendaje mpaka ukayaacha maji?"

Polepole nikakuelewa. Kwenu maji hayakuwa kitu cha kukuta, yalikuwa kitu cha kutunza. Maji ya kuoshea mchele walipewa mbuzi. Ya kuogea yalikwenda kwenye migomba kwa kijifereji ulichokichimba kwa jembe. Ukaniambia, Mama Upendo, mtu anayemwaga maji uwanjani ili vumbi litulie, huyo hajawahi kuona kiu. Ulipasua mianzi ukaifunga chini ya bati lako, ikawa mifereji ya kukinga mvua. Mvua ya kwanza uliiacha ipite, ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo ukageuza mwanzi kuelekea pipani na kulifunika pipa kwa kitambaa mbu wasizalie humo. Bustani yako ya mchicha uliitandazia mabua ya mpunga mpaka udongo hauonekani, ukamwagilia jioni jua likishalegea, na ilikaa na unyevu wakati ya kwangu imepasuka kama kisigino.

Lakini nami nilikuletea vyangu, usije ukawaambia watu huko kwamba ulinifundisha kila kitu. Mambo ya jaruba nilikufundisha mimi, kama nilivyoyapata kwa bwana shamba. Kusawazisha ardhi mpaka maji kidogo yaenee pote. Kuacha jaruba likauke hadi uone nyufa nyembamba kama uzi, ndipo unarudisha maji. Ulikataa katakata. "Mpunga ni samaki, dada, ukiutoa majini umeua." Tukajaribu kwenye kijaruba kimoja tu, kile cha pembeni, ili tukiharibu tuharibu kidogo. Mpunga ukasimama, tena ukachanua vizuri, na sokoni Igurusi ukawatangazia watu kama vile wazo uliliota wewe.

Na lile lambo letu la nyuma ya nyumba yako! Tulichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, mvua ikalijaza, tukapigiana vigelegele, na baada ya siku chache maji yote yakawa yamezama kwenye mchanga. Tulikaa ukingoni tukacheka mpaka tukalala chini. Mwaka uliofuata ukaleta udongo wa mfinyanzi kutoka kwenye kichuguu, ukaumwaga mle, ukaingiza ng'ombe wakaukanyaga kutwa nzima mpaka ukashikana. Lambo likakaa na maji mpaka majani yalipoanza kukauka.

Lakini yote hayo, Kabula, yanataka maji yaanze kufika. Mwanamke anaweza kubana kijiko na kijiko, ila hawezi kubana kisichokuwepo.

Na hapo ndipo ninapofika kwa kaka yangu.

Unajua nilivyompenda Yohana. Mzaliwa wa kwanza, aliyenibeba mgongoni, aliyenishika mkono kunipeleka madhabahuni kwa sababu baba alishafariki. Majaruba yake yako kichwani, maji yakitoka mtoni yanampitia yeye kwanza. Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Watu wa juu walikuwa wameshavuna, mabua tu yamesimama shambani, na bado waliyaacha maji yaingie kwao mchana na usiku, yanazurura kwenye magugu. Wengine wanafyatua matofali. Wengine hawafanyi kitu, wanasema ardhi isikauke, tena wanasema ukiyaachia maji leo, kesho mwenzio atadai ni yake. Sisi huku chini mfereji ukawa njia ya mbuzi.

Ulisimama kwenye mkutano. Nilikuwa nimekaa kando yako. Ukasema, "Wazee wangu, siombi maji ya mtu. Naomba mtu akishashiba, afunike chungu." Maneno ya heshima kiasi kile. Na yule mzee wa kitongoji cha juu akajibu, "Ng'ombe zenu zilikunywa mto mzima, leo unakuja kutufundisha kufunga maji?" Watu wakacheka. Yohana naye alicheka. Nilimwangalia mdomoni akicheka.

Hukukata tamaa. Ukaniambia twende kwake nyumbani, mtu hakatai kwake kama anavyokataa mbele za watu. Ukabeba kuku, yule mwekundu mwenye kishungi. Yohana akampokea kwa mikono miwili, akasema, "Nimesikia, mama, tutaangalia." Maji yakaja, membamba, ya kulowesha tu chini ya mfereji, kisha yakakatika. Kuku alimla.

Baada ya hapo tukaanza kushuka mtoni.

Ulikuwa unajua kuchimba mchangani kuliko sisi wote. Ulituonyesha wapi pa kuchimba, pale mto unapopinda. Ulituonyesha kulaza upande mmoja wa shimo kama ngazi, na kuzungushia fito ili mchanga usishuke. Ukatukataza kuchimba mashimo yaliyokaribiana. Lakini kiu ilizidi, watu wakaja kutoka vitongoji vingine, kila mtu anachimba alipoona mwenzake amepata, na kuta za mchanga zikabaki nyembamba.

Jumatano ile ulikwenda mtoni na binti yako Minza kabla hajaenda shule. Yaliyotokea amenisimulia yeye, kidogo kidogo, kwa miezi, kama mtu anayetema miba ya samaki. Shimo lilikuwa limekwenda chini kupita kimo chako. Ulikuwa chini unachota kwa kata. Ukampa mwanao dumu la kwanza. Ukamwambia, "Shika, usimwage." Halafu upande mzima ukashuka.

Tulifukua kwa sufuria, kwa madumu yaliyokatwa, kwa kucha. Wanaume walikuja wakikimbia na majembe na tukawazuia wasitumie majembe, tukaogopa watakuumiza. Tukaogopa watakuumiza, Kabula... Tulipofika kwenye mkono wako nikaushika, na ulikuwa bado na joto, na nikamwambia Minza mama yako yuko hai. Sijui kwa nini nilisema. Ulikuwa na joto la mchanga tu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliona.

Alhamisi tulikuwa tunahangaika tupate maji ya kukuosha. Kila nyumba ilileta kilichokuwepo, mwingine kibakuli, mwingine nusu ndoo ya maji ya matope. Tukiwa tunachuja kwa kanga tukasikia watoto wanapiga kelele huko barabarani. Nikatoka. Maji yalikuwa yanakuja kwenye mfereji. Si yale membamba. Yalijaa kingo kwa kingo, yamebeba majani na povu, yakafika kwetu, yakajaa, yakamwagika njiani mbele ya nyumba yako, waombolezaji wakavua viatu wapite. Bata wa jirani yetu Mama Sikujua wakaingia humo wakaogelea. Kijana mmoja akafika kwa pikipiki kutoka juu akasema, "Kaka Yohana na wenzake wamesema leo wawaachie nyie, mna msiba."

Watu walishukuru! Walisema, kweli msiba hauna ubaya. Baba Masanja, maskini, aliinamisha kichwa akasema asanteni. Tukachota. Tukakuosha kwa maji yale, na wali wa matanga ukapikwa kwa maji yale, na vyombo vikasuuzwa kwa kumwaga tu kama vile tuko Tukuyu kwenye mvua mwaka mzima. Nilikuosha miguu mimi. Mchanga ulikuwa umeingia chini ya kucha, nikautoa kwa kijiti, na maji safi mengi yanatiririka, na nilitaka kupiga yowe, na wanawake wenzangu wakadhani ni uchungu wa kawaida wakanishika mabega.

Tulipoanua matanga, mfereji ulikuwa umeshakauka tena.

Baba Masanja hakukaa. Aliuza mpunga wake, akachukua ng'ombe waliobaki, akaelekea Tunduru kwa ndugu zake. Masanja alikwenda naye. Minza alikataa. Alisema anataka kumalizia shule hapa, na mimi nikasema atakaa kwangu, na baba yake akakubali bila kunitazama usoni. Alikuwa hawezi kumtazama mtu yeyote aliyezaliwa hapa, na simlaumu.

Mkutano uliofuata ulikuwa kwenye ghala la mpunga. Ajenda ilikuwa mchango wa kukarabati barabara. Nikanyoosha mkono. Baba Upendo akanivuta kitenge, nikakaza. Nikasema, "Mnanijua, mimi ni dada yake Yohana. Nina neno moja. Alhamisi ya msiba maji yalipita hapa mpaka bata wakaogelea, wote mliona. Kama yalikuwepo Alhamisi, na Jumatano yalikuwepo. Na Jumatano ndiyo Kabula alishuka shimoni." Nikasema, "Au tungoje afe mwingine ndipo tupate maji?"

Yohana akasimama. Akasema, "Dada, unanivua nguo mbele za watu."

Nikamwambia, "Ulizivua mwenyewe ulipofungua lango la mfereji. Siku ile tulijua kumbe linafunguka."

Sikupanga kusema hivyo, neno lilitoka tu. Yohana akatoka nje. Mama Sikujua, yule ambaye huwa haongei hata kanisani, akasimama akasema, mimi pia bado nina madumu matupu. Akafuata mwingine. Wanawake wa kule juu nao wakasimama, hilo sikulitegemea, wakasema waume zao wanaacha maji yaozeshe hata vyoo. Kabla jua halijazama tulikuwa tumekubaliana: kila kitongoji na siku zake za maji, mkiani waanze wakati wa kuotesha vitalu, na mavuno yakiisha lango kuu lifungwe, yaachwe ya kunywa tu, mengine yarudi mtoni. Mwenyekiti akafunga mkutano kwa kusema wazo hilo alikuwa nalo siku nyingi. Alikuwa nalo, Kabula! Amelilalia kama kuku yai viza.

Basi ndivyo yalivyotokea yale uliyoyaomba kwa heshima na kuku. Nilitegemea nitafurahi.

Mfereji tumeuziba matundu kwa mfinyanzi, tunaufyeka magugu pamoja, juu na chini. Vitalu vya mpunga tunaotesha mahali pamoja badala ya kila mtu kulowesha chake. Nyumba nyingi sasa zina mifereji ya bati na mapipa, na shuleni wametundika vibuyu chirizi nje ya vyoo, mwalimu anaviita teknolojia. Hakuna anayetaja jina lako. Yule mzee aliyekuambia ng'ombe zenu zilikunywa mto alinifuata sokoni wiki iliyopita. Lambo lake linavuja. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama najua mtu mwenye ng'ombe wa kumsaidia kukanyaga mfinyanzi. Nilimtazama mpaka akaanza kukuna shingo. Nikamwambia, ng'ombe wako Tunduru, baba, nauli ni yako.

Na pale mtoni, karibu na ulipofukiwa, wamejenga kisima cha pete za zege, kina mfuniko na pampu ya mkono. Ni kizuri, sitasema uongo, akina mama hawashuki tena shimoni. Alikuja mgeni kukizindua. Alisema maji ni uhai, tukapiga makofi, akanywa maji yake ya chupa, akaondoka. Kibao kina majina ya waliohudhuria. Minza hakuja. Minza hajakanyaga mtoni tangu siku ile, akitumwa huko anaanza kuosha vyombo vilivyo safi. Anasoma, anafaulu vizuri, ananikaripia nikiacha ndoo bila mfuniko. Hajalia mbele yangu hata mara moja, na hilo ndilo linalonitisha.

Halafu Yohana. Alikaa msimu mzima bila kuniamkia. Mama mkwe wake alipofariki nilikwenda, nikakaa na wapishi, akapita mbele yangu kama unapita upepo. Wakati huo walikuwa wameshanichagua kusimamia zamu za maji, kwa sababu utaratibu ulitaka awepo mwanamke na hakuna mwingine aliyekubali kuchukiwa. Ufunguo wa kufuli la lango kuu ninao mimi.

Jana asubuhi nilikwenda kufunga upande wake. Siku zake zilikuwa zimekwisha, ilikuwa zamu ya huku chini. Nikamkuta amesimama pale pale langoni, amevaa koti la baba. Jaruba lake moja lilikuwa bado halijapata maji, miche imeanza kugeuka njano. Aliniita jina langu la utotoni. Akasema, "Niachie mpaka mchana tu. Mimi ni kaka yako."

Nikamwambia ajazibe kingo zake, zinavujia kwa jirani, maji yangetosha. Akasema atafanya kesho. Nikamwambia basi kesho.

Akasema, "Unanifungia maji kwa ajili ya Msukuma aliyekufa?"

Nikasema, "Nakufungia kwa sababu zamu yako imekwisha, kaka. Yeye maji hayahitaji tena."

Nikazungusha lango mpaka likagota, nikatia kufuli. Mikono iliniuma, lile chuma ni zito. Yohana hakunizuia. Alibaki anaangalia maji yanavyopungua kwenye majaruba yake, na ghafla nikamwona amezeeka, na moyo ukanisukuma nirudi nifungue. Sikurudi. Nilitembea na maji mpaka huku chini, nikayaingiza kwenye jaruba lako, ambalo sasa ni la Minza. Nililia njia nzima, na sikuwa nakulilia wewe peke yako. Nina kaka aliye hai ambaye nimemzika, na sijui kama atafufuka.

Sikuombi uwasamehe. Mchungaji ananiambia niwe mfano, lakini mimi sijafika hapo na sitajifanya nimefika. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Minza atamaliza shule, hata nikiuza nguruwe wote wa Baba Upendo. Na ufunguo, wakitaka kuninyang'anya, waje mkutanoni waseme sababu mbele ya wanawake wote, lakini kwa undugu sitautoa, kwa kuku sitautoa, wala kwa machozi ya mtu niliyenyonya naye titi moja.

Lala salama, Kabula. Wabeja, asante, kama mlivyokuwa mnasema kwenu. Kesho ni zamu ya kati, lazima niamke mapema, na nakwenda nikiwa naogopa.

Mimi dada yako,
Mama Upendo